MUULIZE FUNDI: Amplifaya chini ya siti ya IST

Toleo hili maswali ya mziki wa gari yamenifikia matatu na yote yanalia kitu kimoja, nafasi. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu najua wenye IST na Vitz mko wengi na mnaogopa tu kuuliza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, gari yangu ni IST na ndo gari ya familia, asubuhi inashusha watoto watatu shule afu naenda nayo Mtumba kazini. Nimenunua amplifaya ya chaneli nne, kwenye boksi imeandikwa wati 1,800, ubavuni ina fyuzi mbili za 20. Nina na subwufa moja ya inchi kumi ipo kwenye boksi lake tayari. Sasa buti ya IST si unaijua, nikishaweka hilo boksi na gunia la mkaa hapabaki kitu, na mama watoto kasema siti ya nyuma isiguswe. Fundi mmoja mtaani anataka kuipiga skrubu juu ya boksi la subwufa, anasema kazi ya nusu saa. Mwingine anasema chini ya siti ya dereva. Huyo wa kwanza kaniambia na fyuzi ya kwenye betri sio lazima maana amplifaya inazo zake. Nimfuate nani?
Baba watatu, Nkuhungu

JIBU: Marahaba baba watatu. Usimfuate yeyote kati yao, ila wa pili kakaribia.

Tuanze na hizo wati 1,800 maana ndo zinawachanganya watu mpaka wananunua waya vibaya. Achana na boksi, soma fyuzi. Fyuzi mbili za 20 maana yake amplifaya yako haiwezi kuvuta zaidi ya ampia 40 kwa muda mrefu bila kukata, na gari ikiwa inawaka umeme ni volti 13.8 hivi, zidisha hapo unapata kama wati 550 zinazoingia. Zinazoingia, sio zinazotoka! Amplifaya hizi kubwa za zamani za klasi AB zinageuza nusu na kidogo tu ya umeme kuwa mziki, kwa hiyo kwenye spika zinafika kama 300, na zile 250 zilizobaki zote zinageuka joto. Yani ni kama umewasha balbu mbili na nusu za wati 100, zile za zamani zilizokuwa zinaunguza vidole, afu umezifungia chini ya siti. Hapo ni ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, kwa mziki wa kawaida wa kupeleka watoto shule ni chini sana ya hapo, ila we ndo unaijua siku ukiwa peke yako njia ya Morogoro unafanyaje.

Sasa weka na Dodoma yenyewe. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza gari inashinda juani pale Mtumba miti yenyewe bado midogo, nje nyuzi 31 lakini ndani vioo vimefungwa inapita 50 bila shida. Amplifaya inaanza kazi ikiwa imeshaiva. Kwa hiyo we unatafuta pa kuiingiza, mi nauliza joto lake litatokea wapi.

Juu ya boksi la subwufa hapana. Boksi linatetemeka, ndo kazi yake, na kilichofungwa juu yake kinatetemeka nalo siku nzima. Niliwahi kuletewa Corolla imefungwa hivo hivo, mwenyewe analalamika spika ya kushoto inalia akipita kwenye matuta tu, njia nzuri iko kimya. Kufungua nikakuta risasi ya kulehemu imepasuka pale plagi ya mawimbi inaposhika kwenye bodi ya saketi ya amplifaya, ule mpasuko mwembamba kama unywele, gari ikiruka unagusana ikitulia unaachana. Na skrubu zenyewe zilikuwa ndefu zimetoboa ubao mpaka ndani, mbili zimeshalegea, hewa inachomoka kwenye matundu na boksi linapiga mluzi. Nusu saa ya kazi kweli, na mi nikalala nayo siku mbili.

Chini ya siti ni pazuri ila sio ya dereva. Kitu kikifyatuka chini ya siti ya dereva kinakimbilia wapi ukipiga breki? Kwenye miguu, kwenye pedeli. Weka ya abiria. Na kama ndo huko unakoweka mtungi wa kuzimia moto, kama wengi wetu, uhamishe kwanza, usiende kuubananisha na kitu kinachopata moto, tena uweke pale unapoufikia bila kushuka maana trafiki akiuulizia hataki kuona unapekua buti.

Kabla hujanunua hata skrubu moja pima. Tepu inadanganya kwa sababu siti ikiwa tupu springi zimenyanyuka. Mi nafanya hivi, namuomba mama kipande cha unga wa chapati uliokandwa, natengeneza madonge matatu marefu, nayafunga kwenye nailoni nayasimamisha chini ya siti, mbele katikati na nyuma, afu namwita mtu mzito kuliko wote nyumbani akae arukeruke kidogo, nasogeza siti mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho yeye akiwa juu. Ukitoa madonge yamebonyea, pima lililobonyea kuliko yote, hicho ndo kimo chako cha kweli. Toa sentimita tatu za hewa juu ya amplifaya na sentimita moja na nusu ya ubao chini yake, kilichobaki ndo amplifaya inayoruhusiwa kukaa hapo. Ikiwa donge limebaki sentimita nane, unabakiwa na tatu na nusu. Ile yako ya chaneli nne nahisi itagoma.

Ikigoma usilazimishe. Una njia mbili. Ya kwanza umrudishie muuzaji uongeze hela kidogo upewe ndogo ya klasi D, hizi zinatumia asilimia 80 mpaka 90 ya umeme kwa mziki, joto linapungua sana na umbo lake nyingi ni kama kitabu cha shule. Kwa gari ndogo na jua letu mi ndo ningefanya hivo, bila kuwaza. Ya pili uifunge kwenye ubavu wa buti, nyuma ya tairi, ikiwa imesimama wima na mapezi yake, yale mabati membamba ya kupoza mgongoni, yakielekea juu na chini ili hewa ya moto ipande yenyewe ipotee. Ila usiifiche ndani ya plastiki ya ubavuni ukafunga, na usiigeuze kichwa chini kwenye ule ubao wa nyuma, joto linapanda, ukiigeuza linarudi kwenye bodi yake.

Kuna wanaokuambia toa tairi ya spea uweke huko kwenye shimo. Huyo hajawahi kupata pancha saa mbili usiku kati ya Bahi na Manyoni.

Kama imeingia chini ya siti, haya ndo ya kuangalia. Utakuta waya zina plagi ya njano, hizo ni za eabegi au za mkanda, usizichezee, usifunge waya wako pamoja nazo, na kama siti lazima itoke basi zima gari, toa terminali hasi ya betri usubiri dakika mbili tatu ndo uchomoe, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90. Na usiwashe swichi plagi ikiwa imechomolewa, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na haitazimika kwa kuiomba. Angalia pia kama kuna tundu la AC la kupeleka hewa miguuni nyuma, usilizibe, ila kama upepo wake wa baridi unapita pembeni ya amplifaya hiyo ni bahati yako.

Amplifaya isilale kwenye kapeti. Una watoto watatu, juisi itamwagika, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne viatu vinaingia na tope. Kata plaiwudi ya milimita 12, ipake rangi, fungia amplifaya juu yake kwa skrubu zinazoishia kwenye ubao, afu ubao ndo ushikwe na gari. Ukifanya hivo kasha la amplifaya haligusani na bati ya gari, na makelele mengine ya ajabuajabu unakuwa umeyaepuka hapo hapo.

Ubao unashikwaje? Hapa ndo watu wanaua magari. Usibane kitu chochote chini ya bolti za siti, zile ndo zinamshikilia mtu siku ya ajali, ziache kama kiwanda kilivyoziacha. Tafuta ule mgongo wa bati unaopita chini ya siti toka upande mmoja kwenda mwingine, au matundu ambayo tayari yapo, utumie vibati vya kukunja. Ikibidi kutoboa, gari ipande kwenye shimo, mtu mmoja alale chini na tochi kabla drili haijawaka, aangalie bomba za mafuta, bomba za breki na mabunda ya waya. Mi nilishatoboa gari ya shemeji yangu kwa kujiamini, juu nikaona bati safi, drili ikazama ghafla ikakwangua kebo ya hendibreki, ningesogea vidole viwili pembeni ningekuta bomba la breki. Toka siku hiyo nafunga selotepu kwenye ncha ya drili, naacha milimita tano tu nje, selotepu ikigusa bati nasimama. Tundu likishatoka lipake rangi ya kuzuia kutu na silikoni kidogo kabla ya skrubu. Na wenye Honda Fit mnaosoma hapa, kwenu chini ya siti za mbele ndo liko tenki la mafuta, kwa hiyo nyie hakuna kutoboa hapo kabisa, kwa sababu yoyote ile. Kwenye gari ndogo nyingi za Toyota tenki liko chini ya siti ya nyuma, mama watoto alikuwa sahihi kukataa isiguswe hata kama sababu yake ilikuwa nyingine.

Sasa fyuzi. Huyo fundi aliyekuambia sio lazima, mwambie hivi: fyuzi za ubavuni zinailinda amplifaya. Ule waya mwekundu wa mita tatu au nne unaotoka kwenye betri, unapita kwenye bati linalotenga injini na kabini, chini ya kapeti, unalindwa na nani? Betri ya gari ina nguvu ya kuzungusha injini, hiyo ni mamia ya ampia, siku waya umechubuka pale kwenye tundu ukagusa bodi ya gari, zote zinapita hapo kwa mpigo. Waya unakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme na uko chini ya kapeti, kapeti iko chini ya miguu ya mwanao. Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi shibiri mbili kutoka kwenye terminali, sentimita 45 ndo mwisho. Kwako weka ya 50 na waya wa shaba wa geji 8. Usiweke ya 100 eti isikatike, fyuzi isiyokatika ni kipande cha msumari.

Waya wenyewe uchunguze. Kwangua nyuzi kwa kisu, ikiwa ndani nyeupe hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo chukua nene zaidi, geji 4, maana namba ya geji ikishuka waya unanenepa. Pale unapopita kwenye bati la injini lazima kuwe na mpira, tafuta ule mpira mkubwa ambao waya za gari zinapita utoboe katikati yake, na upande wa injini uvalishe ile soksi ya plastiki yenye mikunjomikunjo. Ethi, yani waya hasi unaofungwa kwenye bati ya gari, iwe nene kama ule mwekundu wa moto, fupi, nusu mita inatosha, na pale inapofungwa kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ing'ae. Nayo usiifunge kwenye bolti ya siti tafadhali. Waya wa mawimbi toka kwenye redio upitishe upande mwingine wa gari, usiulaze na waya wa betri.

Na angalia subwufa yako ni omu ngapi, yani ukinzani wake, umeandikwa nyuma yake. Chaneli mbili za nyuma ukiziunganisha kulisha subwufa moja amplifaya nyingi zinataka omu 4, ukiipa 2 itapiga kweli wiki ya kwanza, afu utaisikia harufu.

SWALI: Fundi habari, mi dada wa Kisasa, nina Vitz. Amplifaya yangu ipo kwenye buti pembeni ya tairi ya spea, fundi aliizungushia kapeti ili vibaka wasiione. Inapiga vizuri dakika kama ishirini inazima, nikinyamaza kidogo inarudi yenyewe. Nimeshabadilisha redio na bado. Nibadilishe na amplifaya?

JIBU: Pole kwa hela ya redio dada yangu, redio ilikuwa nzima. Amplifaya ina ulinzi wa joto ndani yake, ikiiva inajizima, ikipoa inarudi, na wewe umeivalisha sweta Dodoma. Vua hilo kapeti leo hii. Vibaka wafichie kwa kifuniko cha bati ya matundu matundu, au ubao uliokatwa dirisha lenye wavu, mradi hewa iingie upande mmoja na kutokea mwingine. Ukitaka uhakika ongeza feni ya kompyuta ya volti 12, ile ya sentimita 12, iwe inavuta hewa ya moto kuitoa, iwashwe na ule waya wa bluu unaoamsha amplifaya ila kupitia rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, usiuelemee. Vumbi nalo, hili letu jekundu linajaa kwenye mapezi mpaka yanakuwa kama tofali, kila miezi sita zima gari upitishe brashi kavu. Usipeleke kwa wapiga pancha wapulizie na kompresa yao, mle ndani mna maji, na ukipuliza feni kwa nguvu ile inazunguka hovyo inakufa.

Kama bado inazima baada ya hapo angalia skrubu ya ethi, mara nyingi imefungwa juu ya rangi.

SWALI: Mzee habari za kazi. Mi dereva wa Fuso, nabeba mahindi Kibaigwa kupeleka Dar. Nataka kufunga amplifaya na spika mbili kabini ila gari ni volti 24. Tingo wangu anasema nichukue moto kwenye betri moja tu ntapata 12. Na kabini yenyewe imejaa, nyuma ya siti kuna kitanda.

JIBU: Salama dereva. Tingo anachosema kinafanya kazi, na ndo maana kinaua betri taratibu bila mtu kujua. Betri zako mbili zimeunganishwa mfululizo na chaji inazichukulia kama kitu kimoja, ukinyonya moja peke yake hiyo inabaki na njaa kila siku na mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka maji. Baada ya muda unashangaa Fuso haiwaki asubuhi pale Gairo na una mzigo, unanunua betri moja mpya unaichanganya na ya zamani, nayo inakufa.

Nunua konveta ya kushusha 24 kwenda 12. Jumlisha ampia za amplifaya na redio uongeze robo juu, kama zinafika 20 chukua ya 25 au 30, fyuzi upande wa 24 karibu na betri, nyingine upande wa 12. Kwa spika mbili za kabini klasi D ndogo inakutosha sana, kelele ya injini yenyewe hutaishinda hata ukifunga ya disko.

Pa kuweka, usiweke kwenye sakafu upande wa injini, kabini ya Fuso imekaa juu ya injini na bati linapata moto lenyewe. Fungia kwenye ukuta wa nyuma juu ya kitanda pembeni kabisa, ubao kwanza, amplifaya na konveta ziachane upana wa kiganja kwa sababu konveta nayo inatoa joto. Na umwambie tingo lile blanketi lake asilitundike hapo, hata likiwa limelowa na anataka likauke haraka.